Kausha damu ina sheria tangu 2018, sasa mbona bado inakausha?

Kila ikisambaa video ya mama anabebewa friji na makochi na watu wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, maoni ni yaleyale: serikali iko wapi, walete sheria. Hasira naielewa kabisa ila sheria ipo jamani. Inaitwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, bunge la Tanzania liliipitisha 2018, kanuni zake zikatoka 2019, na inamgusa moja kwa moja yule jamaa wa chumba kimoja pale stendi mwenye bango la mikopo ya haraka ndani ya dakika 30. Kwa hiyo swali la kuuliza sio sheria italetwa lini, swali ni hii iliyopo imekamata nini na imeachia nini, na hapo ndo pagumu kidogo, ngoja twende taratibu.

Tuanzie nyuma. Kwa miaka mingi usimamizi wa mambo ya fedha hapa kwetu ulikuwa unaangalia wewe ni nani, sio unafanya nini. Ukiwa benki uko kwa Benki Kuu (BoT) na sheria ya mabenki ya 2006, ukiwa kampuni ya bima uko kwa TIRA, ukiuza hisa au hatifungani kuna CMSA ambao sheria yao ni ya 1994, ukiwa SACCOS uko kwa watu wa ushirika. Sasa wewe umeuza kiwanja una milioni zako kumi unataka kukopesha walimu na wauza mboga kwa riba, uko kwa nani? Hauko kwa mtu. Unaenda halmashauri unakata leseni ya biashara kama anayefungua duka la nguo, unabandika bango, kazi imeanza.

Na wala haukuwa uzembe, kulikuwa na mantiki yake. Kazi ya kwanza ya msimamizi wa mabenki ni kulinda hela ya mwenye akiba, maana benki inakopesha hela za watu na ikianguka inaanguka na kiinua mgongo cha babu yako. Januari 2018 BoT ilifunga benki tano kwa mpigo, kina Covenant, Efatha, Njombe, Meru na Kagera, kisa mitaji imepungua mno, na pale ulikuwa unamuona msimamizi wa aina hiyo akiwa kazini. Lakini anayekopesha hela yake ya mfukoni hata akiipoteza yote amejitia hasara mwenyewe, sasa serikali iingilie nini? Kwa jicho hilo kausha damu hana kosa lolote. Tatizo jicho hilo linamuona anayeweka hela tu, anayekopa halimuoni kabisa.

Sheria ya 2018 ndo ilibadili jicho. Iliwapanga watoa huduma ndogo za fedha kwenye madaraja manne: la kwanza benki na taasisi zinazopokea amana (yaani akiba za watu), la pili kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana (hawa ndo wa kwetu leo), la tatu SACCOS, la nne vikundi vya kijamii, VICOBA na ndugu zake. Wote wanne mwenye rungu ni BoT, ila BoT haiwezi kukaa kwenye kila kikao cha VICOBA cha Jumapili jioni kwa hiyo sheria ikairuhusu ikasimu kazi hiyo kwa wengine, SACCOS zikaenda kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, vikundi vikaenda halmashauri, yenyewe ikabaki na la kwanza na la pili. Wa daraja la pili wakaambiwa kampuni iwe na mtaji usiopungua milioni 20, wachukue leseni BoT, wampe mteja mkataba anaouelewa, na riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Wakapewa na kipindi cha mpito wajipange, kikaongezwa.

Kwenye karatasi haya ni mageuzi makubwa, na nasema hivyo bila kejeli. Mkopeshaji wa mtaani ambaye jana alikuwa hajulikani popote leo ana namba, ana anuani na ana mtu wa kumnyang'anya leseni. Wapo waliosajiliwa wanaofanya kazi safi tu na huwasikii kwenye video maana hakuna video ya mtu aliyekopa akarejesha akaenda zake.

Sasa tuje kwenye hiyo asilimia 3.5 maana hapa ndo mchezo ulipo. Nitapiga hesabu ya mfano, mkopo wa laki moja, mama anauza dagaa. Anaambiwa fomu ni 5,000, bima ya mkopo 3,000, zinakatwa hapohapo mezani, kwa hiyo mkononi anapokea 92,000. Rejesho ni 5,000 kila siku kwa siku 26, Jumapili wanapumzika, jumla 130,000. Ukimuuliza afisa mikopo riba ni ngapi anakwambia asilimia 30, na mama mwenyewe atakwambia asilimia 30, wote wanaamini hivyo.

Haiko hivyo. Kwanza alipokea 92,000 sio laki, na anarudisha 130,000, kwa hiyo mkopo umemgharimu 38,000 ambayo ni asilimia 41 ya kilichoingia mkononi mwake. Na bado hatujafika. Kwa sababu anarejesha kila siku, hiyo hela hakai nayo mwezi mzima, ikifika siku ya 13 ashalipa 65,000, kwa hiyo ukichukua wastani wa siku zote alikuwa ameshikilia kama elfu 53 tu ya hela ya yule bwana. Elfu 38 ni bei ya kutumia elfu 53 kwa mwezi mmoja! Ukikokotoa kwa njia ya kibenki, ile ya kupiga riba kwenye salio lililobaki, inatoka karibu asilimia 2.75 kwa siku. Nimesema kwa siku. Maana yake kiwango kinachoruhusiwa kwa mwezi mzima, huyu anakimaliza kabla siku ya pili haijafika jioni.

Na anayetaka kukwepa wala hahitaji mwanasheria wa gharama. Ukomo umewekwa kwenye riba, basi anaandika riba asilimia 3.5 safi kabisa, zilizobaki anaziita ada ya fomu, ada ya uendeshaji, ada ya ufuatiliaji, bima, faini ya kuchelewa. Hapo ushahidi wa maandishi uko upande wake na mama hana hata nakala ya mkataba, alipigwa picha akiwa ameshika fomu akaambiwa nenda.

Wakenya wameshapita njia hii, na kwa gharama. 2016 waliweka ukomo wa riba kwa mabenki, isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu yao, wananchi wakashangilia. Kilichofuata mabenki yakaona mkopaji mdogo hana faida tena, hatari yake kubwa bei yake imefungwa, bora nikopeshe serikali kupitia hatifungani nilale usingizi. Mikopo ya watu wadogo ikakauka, na hao watu hawakuacha kuhitaji hela, wakahamia kwenye simu. Na kwenye simu kulikuwa na M-Shwari, ipo tangu 2012, inatoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30 lakini hiyo inaitwa ada ya uwezeshaji, sio riba, kwa hiyo ukomo haukuigusa. Novemba 2019 ukomo wenyewe ukafutwa. Miaka mitatu na ushee, na aliyetakiwa kulindwa alitoka amebanwa zaidi ya alivyoingia.

Kwa hiyo tufute ukomo? Hapana, sijafika huko, ila lazima tukubali ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia. Mkopo wa laki moja kwa asilimia 3.5 ni shilingi 3,500 kwa mwezi. Humo humo utoe mshahara wa afisa mikopo anayezunguka soko zima kukusanya, mafuta ya pikipiki, kodi ya chumba, na wale wawili watatu waliokimbilia Kahama na hela zako. Haitoshi, hata ukiwa mtakatifu. Mkopo wa milioni tano ukomo huohuo unakupa 175,000 kwa mwezi na kazi ya kufuatilia ni ileile. Matokeo yake mkopeshaji anayefuata sheria anapanda juu, anakopesha mtumishi wa umma mwenye hati ya mshahara, na yule wa laki moja anaachiwa asiyefuata sheria. Sheria imemsukuma mama wa dagaa kwenye mikono ileile iliyotaka kumtoa.

Kuna namna nyingine ya kufunga hii kitu na imeshajaribiwa. Uingereza nao walikuwa na kausha damu wao, mikopo ya kungojea mshahara, kampuni kama Wonga zilivuma sana. Januari 2015 msimamizi wao, FCA, akaweka masharti: riba pamoja na ada zote zisizidi asilimia 0.8 kwa siku, faini za kuchelewa zisizidi pauni 15 jumla, na kubwa kuliko yote, mkopaji hatalipa riba, ada na faini zinazozidi kiasi alichokopa. Umekopa 100, hata uchelewe miaka, huwezi kudaiwa zaidi ya 200. Angalia kwamba hiyo asilimia 0.8 kwa siku ni kubwa mno ukiilinganisha na 3.5 yetu kwa mwezi, mtu anaweza kusema Waingereza wamewaachia wanyonyaji, lakini yao ina kila kitu ndani, hakuna pa kuchomeka ada ya fomu. Wonga ilianguka Agosti 2018, madai ya fidia ya wateja waliokopeshwa zamani ndo yaliimaliza. Afrika Kusini nao kwa mikopo midogo ya muda mfupi wameweka asilimia 5 kwa mwezi, ukikopa tena mwaka huohuo inashuka hadi 3, na ada ya kuanzisha mkopo na ada ya huduma kila moja ina ukomo wake. Yaani mtu kakaa chini akajiuliza huyu atapenyea wapi, akaziba na huko.

Kenya pia, kwa upande wa mabenki, wanayo kanuni ya kwamba deni bovu likishafika mara mbili ya salio la siku mkopo ulipoharibika basi riba inasimama. Mimi nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kuingiza kwenye kanuni zetu kesho asubuhi nachukua hiki, kwa daraja la pili lote. Kwa sababu kinachomaliza watu sio mkopo wa kwanza, ni faini juu ya faini na mkopo wa kulipia mkopo. Laki mbili inageuka laki tisa na mtu hajaongezewa hata shilingi. Na kanuni ya mara mbili haihitaji kikokotoo, mjumbe wa nyumba kumi anaisimamia: ulichukua ngapi, umelipa ngapi, imezidi mara mbili, toka hapa.

Nimemtaja mjumbe makusudi. Tukizungumza usimamizi wa fedha tunapenda kutaja magavana na makamishna lakini kwenye kausha damu wasimamizi wa kweli ni wawili, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayegonga muhuri kwenye fomu, na afande wa kituo kidogo anayepigiwa simu siku ya kubeba vitu. Fomu bila muhuri wa mtaa haiendi, na muhuri una bei yake mnaijua. Siku kirikuu kinapaki mlangoni kubeba friji ndo muhuri uleule unatolewa kama ushahidi kwamba mama aliridhia. Hakuna dalali wa mahakama hapo, hakuna amri, kuna vijana wanne na karatasi. Mkataba wa mkopo haumpi mtu ruhusa ya kuingia ndani kwa watu kwa nguvu, hilo halina ubishi, ila nani anamwambia mwenyekiti? Semina za BoT nyingi zinawakuta wakopeshaji wenye leseni na waandishi wa habari. Zinatakiwa ziwakute hawa.

Halafu kuna ile ya kadi. Mwalimu au mstaafu anaacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri, mshahara ukiingia mkopeshaji ndo wa kwanza kufika mashineni, anatoa chake, anamwachia mwenyewe salio. BoT imekuwa ikikemea hili mara kwa mara na bado lipo, kwa sababu rahisi tu kwamba pande zote mbili zinaficha. Mwalimu hawezi kwenda kushtaki, atasema nini, kwamba aligawa namba ya siri? Siku akiibiwa kwa kadi hiyo benki nayo itamruka.

Sasa njoo kwenye simu, huku mambo yamekimbia kuliko sheria. Ile sheria ya 2018 ilimuwazia mkopeshaji mwenye mlango, mtu anaweza kwenda kuugonga. Aplikesheni haina mlango. Unapakua, inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, unakubali maana una shida, inakutumia 30,000 ya siku saba ambayo ikifika imeshakatwa. Ukichelewa siku moja mama mkwe, bosi, fundi bomba na mchungaji wote wanapata meseji kwamba fulani ni tapeli mwambieni alipe. Wengine waliunganishwa kwenye grupu la WhatsApp la mdaiwa wasiyemjua hata sura. Hapo dhamana sio friji tena, dhamana ni aibu yako.

Hebu jaribu kumtafutia huyo msimamizi. Kukopesha bila leseni ni BoT. Kampuni yenyewe, kama ipo, ni BRELA wanaosajili kampuni. Namba ya simu na mtandao ni TCRA. Kuchota majina ya watu ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yao ni ya 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Matusi na vitisho ni polisi. Duka la aplikesheni ni Google na halipo hapa. Kila mmoja wao ana kipande cha ukweli na kila mmoja anaweza kukwambia kwa haki kabisa kwamba hiyo sio ya kwangu nenda pale. Agosti 2024 BoT walitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali wa daraja la pili, Novemba mwaka huohuo wakatangaza orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni na kuwaonya watu wasiyatumie. Hatua nzuri, niliipenda, ila orodha ya majina ina ugonjwa wake, aplikesheni iliyotajwa Alhamisi inaweza kurudi Jumatatu na jina jipya na nembo ya rangi nyingine, na nyingine haipiti hata dukani, unatumiwa linki.

Kenya tena, safari hii kwa wema. Desemba 2021 walirekebisha sheria ya Benki Kuu yao ili iwashike wakopeshaji wa kidijitali, kanuni zikatoka Machi 2022, lakini kilichouma zaidi ni kwamba kuanzia mwanzoni mwa 2023 Google walidai aplikesheni ya mikopo ya Kenya ionyeshe leseni au uthibitisho kwamba maombi yameshapelekwa Benki Kuu, bila hivyo inaondolewa dukani. Mwaka huohuo Google wakapiga marufuku aplikesheni za mikopo kusoma majina na picha kwenye simu ya mteja, popote pale duniani. Na ofisi ya Kenya ya kulinda taarifa binafsi ikapiga faini ya shilingi milioni tano za Kenya kwa kampuni moja ya mikopo ya simu. Benki Kuu pale haikuwa na haja ya kukimbizana na aplikesheni moja moja, ilimbana anayeshika mlango wa duka. Sisi tuna mlango mwingine mzuri zaidi ambao sijui kwa nini hatuutumii kwa nguvu: hela yenyewe kwa kawaida inapita kwenye mitandao ya simu. Mkopo wa aplikesheni kwa kawaida unafika kwa mtu kupitia akaunti ya mtandao wa simu ambao una leseni ya BoT chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya 2015. Asiye na leseni ya kukopesha asipewe namba ya kampuni ya kupokelea marejesho, basi. Atabaki kupokea kwa namba za watu binafsi, na hizo zina kikomo na zinaonekana.

Kuna watu wanasema dawa ni kuunganisha wasimamizi wote wawe ofisi moja, wengine wanataja mfumo wa Afrika Kusini, ambako sheria ya 2017 iligawa kazi mbili kubwa, mmoja anaangalia kama taasisi ina afya na yupo ndani ya benki kuu yao, mwingine anaangalia inavyowatendea wateja. Wazo lina maana. Kazi hizi mbili zinagombana kichwani mwa mtu mmoja, anayetaka benki iwe na faida ili isianguke ndo huyohuyo unamwomba aipunguzie makato. Lakini hata Afrika Kusini mikopo ya wateja ilibaki na msimamizi wake wa pembeni, na hapa kwetu kujenga mamlaka mpya ni bodi, majengo, magari, na miaka mitano ya kubishania nani anaripoti kwa nani. Mimi ningeanza na kitu kidogo na kisichopendeza kwenye hotuba: dawati moja la malalamiko, namba moja ya bure, ukishapiga ni kazi yao wao kujua hii ni ya BoT au ya TCRA au ya polisi. BoT wana makao Dodoma, ofisi Dar na Zanzibar, matawi Arusha, Mwanza, Mbeya na Mtwara. Mama wa Kasulu akitaka kumuona mtu wa BoT uso kwa uso anaanza kuhesabu nauli ya Mwanza, na nauli yenyewe ni rejesho la wiki.

Na tusidanganyane kwamba wanaokopa kausha damu hawajui hesabu. Wanajua. Utafiti wa FinScope wa 2023 ulikuta watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha ni asilimia 76, inapendeza, lakini wanaotumia benki ni asilimia 22, zinazobeba ile asilimia 76 ni simu. Simu inakutunzia na kukutumia hela, mkopo wa mtaji wa kueleweka haikupi. Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe na ikarudi 2024, na hata ikiwepo unahitaji kikundi, katiba, andiko na subira. Mtoto amerudishwa ada saa mbili asubuhi, kausha damu anakupa saa nne. Ukimfunga huyo bila kuweka mwingine hujamsaidia mtu, umepandisha bei ya atakayebaki.

Ndo maana kipande cha mageuzi ninachokisubiri zaidi hakina polisi wala orodha. Tuna kanuni za taarifa za mikopo tangu 2012 na kampuni zenye leseni za kutunza historia za wakopaji, ila historia ya mama wa dagaa ambaye amekopa na kurejesha laki moja mwezi hadi mwezi, kwa bei ile ya kikatili na bila kukosa siku, iko kwenye daftari la mkopeshaji na mkopeshaji hana sababu ya kuitoa, maana siku benki ikiiona atampoteza. Wanaopelekwa haraka kwenye mfumo ni walioshindwa kulipa. Kanuni ikimlazimisha kila mwenye leseni apeleke na waliolipa, kila mwezi, mkopo wa laki kama mkopo wa milioni, halafu mteja akapata haki ya kuichukua rekodi yake bure kwa simu na kwenda nayo dirisha lolote analotaka, hapo mkopeshaji wa asilimia 41 atakutana na kitu ambacho hajawahi kukutana nacho, mteja mwenye pa kwenda.